Ubongo wa Mtu Aliyezaliwa Haoni

Tuseme yuko mwanafunzi wa Chamazi aliyezaliwa haoni. Mbele yake ipo karatasi ya nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu visivyozidi sita kwa kila alama, ambayo Louis Braille wa Ufaransa, naye kipofu, aliyachapisha mwaka 1829. Anapitisha ncha za vidole, na anasoma. Je, ni sehemu gani ya ubongo wake inayofanya kazi?

Kwa mtu anayeona, mwanga uingiao jichoni hugeuzwa kuwa ishara. Ishara hizo husafiri katika mishipa ya fahamu hadi sehemu ya nyuma ya ubongo, upande wa kisogo. Hapo ndipo picha hufahamika. Jicho ni mlango tu. Zamani wataalamu wengi walidhani kwamba kwa asiyeona sehemu hiyo hukaa bure, kama shamba lisilolimwa.

Haikai bure. Mwaka 1996 wataalamu nchini Marekani waliupima ubongo wa vipofu waliokuwa wakisoma nukta nundu, wakakuta sehemu ya kisogoni inafanya kazi. Mwaka uliofuata waliivuruga sehemu hiyo kwa muda mfupi kwa nguvu ya sumaku. Vipofu wa tangu utotoni wakakosea herufi. Lakini wenye kuona, walipopapasa, hawakudhurika hivyo.

Habari moja zaidi, ya kusikitisha, iliandikwa mwaka 2000. Mwanamke aliyezaliwa haoni, msomaji hodari wa nukta nundu, alipatwa na kiharusi kilichoharibu ubongo wake upande wa kisogo, kulia na kushoto. Vidole vyake viliendelea kuhisi: aliweza kuutambua ufunguo wa nyumba yake kwa kuupapasa. Kusoma, hata hivyo, hakuweza tena.

Ubongo hujipanga hivyo tangu uchanga. Ndiyo maana mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa mtoto wa jicho hapaswi kucheleweshwa. Mzazi wa Chamazi akiona weupe katika mboni ya mwanawe, ampeleke hospitali upesi, kama ile ya CCBRT iliyoko Msasani, ili akihitaji upasuaji aupate katika miezi ya mwanzo. Ikipita miaka, daktari aweza kuliondolea jicho ukungu wake, mwanga ukaingia tena, lakini ubongo ukashindwa kuzifahamu vema picha zinazoletwa.