Kompyuta Imekataa Kuwaka: Uanzie Wapi?

Vijana wetu wengi hujiungia kompyuta wenyewe nyumbani, ni jambo zuri, lakini ikikataa kuwaka wao hukimbilia bisibisi. Ndugu mwanafunzi, subiri! Angalia kwanza soketi ya ukutani, kisha swichi iliyo nyuma ya pawa saplai. Baadhi ya zile za zamani zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Kwetu ni 230. Ukiiweka kwenye 115 itaungua.

Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, huenda umesahau plagi ya pini 4 au 8 inayolisha prosesa. Imejitenga pembeni, mbali na ile kubwa ya pini 24, ndiyo maana wengi huisahau.

Mwenye mita apime kwenye plagi isiyotumika, kompyuta ikiwa imewashwa na mkubwa yupo: waya wa njano na mweusi, volti 11.4 hadi 12.6, mwekundu na mweusi, 4.75 hadi 5.25. Nje ya hapo, nunua nyingine.

Lakini kisanduku chenyewe usikifungue abadan. Ndani mna kapasita zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikishachomolewa. Wazazi, umeme huo unaua. Hata kama ni feni yake tu imekwama, badilisheni kisanduku kizima.