Je, Wajua? Fuvu la Zinj, Dagaa wa Kariakoo na Somo la Chimbuko la Binadamu

Je, wajua kwamba kutoka Kariakoo hadi linakohifadhiwa fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ni mwendo wa miguu? Unavuka Mnazi Mmoja, unakata katikati ya mji mpaka Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Makumbusho ya Taifa yapo hapo tangu 1940. Mwanafunzi wa Azania, Jangwani au Kisutu anaweza kwenda na kurudi mchana mmoja. Hata hivyo, wengi wanamjua Zinj kwa picha ya kitabuni tu, tena iliyopigwa fotokopi mara nyingi hadi fuvu zima limegeuka doa jeusi.

Je, wajua kwamba Zinj alipatikana karibu miaka 100 baada ya Charles Darwin kuchapa kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya spishi? Ilikuwa Julai 17, 1959, Bonde la Olduvai. Louis Leakey alikuwa mgonjwa kambini siku hiyo, na mkewe Mary ndiye aliyekwenda kuzunguka bondeni akaona mfupa umechomoza ardhini, una meno. Mwanzoni Louis alikadiria umri wa miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya pale yakapimwa kwa njia ya potasiamu na agoni, jibu likaja: miaka milioni 1.75. Darwin mwenyewe alishaandika mwaka 1871 kwamba wahenga wa binadamu huenda waliishi Afrika, wakati wasomi wengi walikuwa wanatazama Asia.

Je, wajua kwamba Zinj si babu yetu? Hili linawaponza watahiniwa kila mwaka. Zinj ni tawi la pembeni lililokufa bila kuacha uzao. Siku hizi wataalamu humwita Paranthropus boisei. Magego yake makubwa yaliwafanya watu wadhani alikuwa akipasua kokwa, ila uchunguzi wa kemikali za meno umeonyesha alikula zaidi nyasi na ndago. Anayekaribiana nasi zaidi ni Homo habilis, aliyepatikana palepale Olduvai na kupewa jina mwaka 1964.

Je, wajua kwamba chini ya muhtasari wa 2005, chimbuko la binadamu lilifundishwa katika Historia, Kidato cha Kwanza, na mageuko ya viumbe yakafundishwa katika Baiolojia, Kidato cha Nne? Yaani mtoto alipewa jibu miaka mitatu kabla ya kuelezwa limepatikanaje. Kwa maoni yangu, hapo ndipo somo lilipoharibikia. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliambiwa sokwe na binadamu wana asili moja, bila neno lolote kuhusu kurithi tabia au uteuzi wa asili. Akabaki na swali lilelile la vijiweni: mbona sokwe wa Gombe hawageuki watu? Hawageuki kwa sababu sokwe hakutuzaa. Sisi na yeye ni binamu, tumetoka kwa mhenga mmoja aliyekwisha kutoweka.

Je, wajua kwamba NECTA, Baraza linalotunga mtihani wa Baiolojia, hutunga pia wa Maarifa ya Biblia na wa Elimu ya Dini ya Kiislamu? Mtahiniwa mmoja anaweza kumweleza Darwin leo na kesho akaeleza uumbaji, akafaulu kotekote. Wenzetu waligombana hadharani. Kule Dayton, Tennessee, mwaka 1925, mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 kwa kufundisha mageuko. Nairobi, mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo alitaka mifupa ya Kijana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, isiwekwe mbele ya watazamaji. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2008, mifupa ilikuwepo. Hapa kwetu tumegawana ratiba. Ustadhi na katekista wana kipindi chao, kengele inagongwa, mwalimu wa Baiolojia anaingia. Ni amani ya kweli, wala siibezi, ila kazi ya kupatanisha inaachiwa mtoto wa miaka 17, naye anaona heri akariri.

Je, wajua kwamba mfano ulio wazi kabisa wa uteuzi wa asili kwa binadamu unatibiwa Muhimbili? Ni selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye jeni moja tu ya ugonjwa huo hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu ukanda wetu wenye mbu, ingawa anayezirithi mbili huugua.

Na je, wajua kwamba dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza si ndugu? Pale Kariakoo wanauzwa meza moja, wembamba, weupe, wa kung'aa, na bei ya Kigoma iko juu. Lakini wa Kigoma ni ukoo wa sadini, wahenga wake walitoka baharini. Wa Mwanza ni ukoo wa kapu, samaki wa maji baridi tangu zamani. Koo mbili zilizoachana zamani sana zimefikia umbo moja kwa kuishi maisha ya namna moja, zikiogelea kwa makundi kwenye maji ya wazi ya ziwa. Alama za asili hazijafutika. Dagaa wa Kigoma ana magamba magumu yenye ncha katika mstari wa tumbo, mwenzake hana. Na wa Mwanza hana meno kwenye taya, meno yake yako kooni.

Mwalimu wa Baiolojia, ukikosa ruhusa ya kuwapeleka watoto makumbusho, nunua dagaa wa elfu moja wa kila aina, azima lenzi maabara, waache wapekue wenyewe. Kipindi kikiisha, wale ambao hawakuguswa wakaange.