Breka ikishuka kwa taa za LED, usikimbilie kuweka kubwa

HADI mwaka 2022 umeme wa TANESCO katika miji ya Kibondo na Kasulu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Oktoba mwaka huo wilaya hizo ziliunganishwa na gridi ya taifa kupitia Nyakanazi. Kwa mkulima au mwenye duka, umeme sasa ni sehemu ya mtaji, na taa za LED ni njia rahisi ya kuubana.

Chukua nyumba yenye balbu kumi zinazowaka saa tano kila usiku. Zikiwa balbu za zamani za wati 60, zitakula uniti 90 kwa mwezi. Zikiwa za LED za wati 9, zitakula uniti 13.5. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa Sh100 kwa uniti, na mteja wa matumizi ya kawaida Sh292, kabla ya kodi. Kwa bei hizo, taa pekee zinaweza kugharimu Sh1,350 au Sh26,280.

Tatizo huanza breka ya taa inaposhuka mara kwa mara. Wengi husema taa zimezidi. Si kweli. Balbu kumi za LED kwa kawaida hazivuti hata ampea moja, wakati breka ya taa huwa ya ampea 6 au 10. Ikishuka, ipo sababu nyingine.

Ni swichi gani iliyoshuka?

Angalia kwanza boksi la umeme. Breka ya kawaida hushuka kwa shoti au mzigo kuzidi. Ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia hushuka umeme unapovuja kwenda ardhini, na nyingi za majumbani zimepangwa kwa miliampea 30. Chanzo chake mara nyingi ni unyevu: taa ya nje iliyoingia maji, au waya uliochubuliwa na panya darini. Ndiyo maana husumbua zaidi wakati wa masika. Inaweza kushuka hata taa zikiwa zimezimwa, kwa kuwa swichi ya ukutani hukata waya wa moto tu.

Imeshuka wakati gani?

Ikishuka papo hapo unapowasha taa fulani, shuku shoti kwenye balbu, holda au waya wa taa hiyo. Ikishuka baada ya dakika kadhaa, huenda kuna kifaa kingine kizito kwenye laini ya taa, au breka yenyewe imechoka.

Ikishuka pale umeme unaporudi baada ya kukatika, sababu yaweza kuwa taa nyingi kuwaka kwa pamoja. Ndani ya taa ya LED kuna kapasita inayovuta umeme mwingi kwa muda mfupi sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa balbu kumi ni nadra kuleta shida, lakini ukumbi au ghala lenye taa nyingi linaweza kuathirika. Umeme ukikatika, zima swichi na uache taa moja tu.

Jaribio rahisi ni hili: zima swichi zote za taa, rudisha breka, kisha washa taa moja moja. Itakayoiangusha ndiyo ya kushughulikiwa. Breka ikigoma zote zikiwa zimezimwa, iache na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Akipima waya kwa mega, kwanza atoe balbu za LED, maana volti 500 za kipimo hicho zinaweza kuziua.

Kosa la gharama kubwa

Kosa baya ni kung'oa breka ya ampea 10 na kuweka ya 32. Waya wa taa wa milimita 1.5 haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Utapata moto ndani ya dari kabla breka haijashuka, na chini yake pengine kuna magunia ya maharage ya msimu mzima.

Fundi anaweza kugawa taa katika laini mbili, au kuweka breka ya aina C yenye ampea zilezile, inayovumilia mvuto wa mwanzo. Hata hivyo, apime kwanza: nyumba iliyo mbali na transfoma inaweza kukosa nguvu ya shoti ya kuiangusha breka hiyo haraka.

Wafugaji wa kuku wawe waangalifu zaidi. LED haitoi joto la kutosha kulea vifaranga. Taa nne za joto za wati 250 huvuta zaidi ya ampea 4, hivyo ziwe na laini yake. Breka ikishuka usiku katika baridi ya nyanda hizi, asubuhi utaokota vifaranga waliokufa kwa kulaliana.

Malipo ya fundi kwa ukaguzi ni gharama ya uzalishaji kama mbolea na dawa. Yaingize kwenye bajeti kabla ya mvua kuanza.