Fedha za Benki ya Maendeleo na Haki ya Mjane: Maelezo kwa Watumishi wa Sharika

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya ibada ya Jumapili, mama mjane mmoja wa usharika niliokuwa nikiuhudumia alinifuata ofisini. Alikuwa amepokea fedha za TASAF, naye akaniuliza, "Baba Mchungaji, nimshukuru nani? Wengine husema ni fedha za Rais, wengine husema ni za Wazungu. Tena, je, nizitolee fungu la kumi?" Swali la fungu la kumi nililijibu upesi. Lile la kwanza lilinishinda.

Makala hii inajaribu kulijibu. Jambo lenyewe si dogo, kwa maana aaminiye kwamba amepewa hisani hunyamaza inapokatwa, bali ajuaye kwamba ni haki yake huuliza.

1. Benki ya maendeleo ni chombo gani?

Benki ya maendeleo si kama benki ya biashara tunayoweka fedha za usharika. Wanachama wake ni mataifa, na kazi yake ni kukopesha kwa ajili ya shughuli ambazo benki za kawaida hazizioni kuwa na faida: shule, zahanati, visima, barabara za vijijini. Benki ya Dunia ilianzishwa kwa makubaliano ya mwaka 1944. Tawi lake linalozihudumia nchi maskini, lijulikanalo kama IDA, lilianza mwaka 1960. Mkataba wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulitiwa sahihi Khartoum mwaka 1963.

Sehemu kubwa ya fedha ambazo nchi yetu imepokea kwa njia hii ni mikopo. Masharti ya IDA ni nafuu, riba ikiwa ndogo au haipo kabisa, na muda wa kulipa ni mrefu. Lakini mkopo ni mkopo. Hulipwa na Serikali kutoka katika kodi. Mjane yule anaponunua sabuni dukani, analipa kodi. Na wajukuu wake watalipa baada yake. Kwa hiyo yeye si mpokeaji wa msaada tu. Yeye ni mmoja wa wadaiwa.

2. Haki isiyo na mahakama

Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaitaka Serikali kuweka utaratibu wa kutimiza haki ya mtu kufanya kazi, kupata elimu, na kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini Ibara ya 7(2) inasema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Aidha, nchi yetu ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa mwaka 1966.

Basi haki imeandikwa, lakini mjane hawezi kuidai mbele ya hakimu kwa ibara hiyo peke yake. Hapo ndipo bajeti inapokuwa na uzito mkubwa. Haki ya namna hii hutembea kwa miguu ya fedha, na mara nyingi fedha hizo zimetoka kwa benki ya maendeleo.

3. Mfano wa TASAF

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulianza kazi mwaka 2000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Katika awamu zake za kwanza wanakijiji walichagua mradi, wakachangia nguvu zao, na madarasa, zahanati na visima vikajengwa. Mwaka 2012 IDA iliidhinisha mkopo wa dola milioni 220 kwa ajili ya mpango wa kunusuru kaya maskini, na mwaka 2019 mkopo mwingine wa dola milioni 450. Kaya zaidi ya milioni 1 zilifikiwa.

Mwanafunzi wa theolojia anapaswa kuuelewa utaratibu wake. Kwanza, wanajamii wenyewe walizitaja kaya zilizo maskini sana. Pili, kaya hizo zilijaziwa dodoso ili hali zao zipimwe. Tatu, majina yalirudishwa mbele ya mkutano wa kijiji ili yathibitishwe. Ruzuku ilipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake ilitegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Zilikuwapo pia ajira za muda. Hivyo katika mpango mmoja ziliguswa haki za chakula, afya, elimu na kazi.

Angalieni kwamba mlango wa haki hii ulikuwa mkutano wa kijiji. Mgonjwa asiyeweza kufika, au mjane asiyethubutu kusema mbele ya wakubwa, angeweza kukosa jina lake kutajwa, hata kama mkopo umeidhinishwa kwa ajili yake.

4. Upande wa pili

Hatuna budi kusema pia kwamba fedha hizi zimewahi kuumiza. Katika miaka ya 1980 na 1990, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, wananchi walitakiwa kuchangia gharama za elimu na matibabu, na watoto wa maskini wakabaki nyumbani. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2001, na mpango wa elimu ya msingi ukasaidiwa na mkopo wa Benki ile ile, wanafunzi waliongezeka kutoka karibu milioni 4.9 mwaka huo hadi karibu milioni 6 mwaka 2002. Benki ni moja. Kilichobadilika ni masharti.

Mfano wa karibu zaidi ni mradi wa utalii wa Kusini uliohusu Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2023 wananchi walipeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi, ambalo Benki ya Dunia ililiunda mwaka 1993 ili kuwasikiliza wanaodhurika na miradi yake. Mwezi Aprili 2024 Benki ilisimamisha malipo, na mwaka huo huo mradi ukafutwa. Kwa hiyo njia ya kulalamika ipo, nayo imetumika katika nchi yetu.

5. Kanisa lifanye nini?

Torati haikumwachia mwenye shamba uhuru wa kuamua kama mjane ataokota masazo (Kum. 24:19-22). Masazo yalikuwa fungu lake. Nabii naye aliwakemea waandikao sheria za kuwanyang'anya maskini haki yao (Isa. 10:1-2).

Mwaka 1523 Martin Luther aliandika utangulizi wa utaratibu wa sanduku la pamoja la usharika wa Leisnig. Sanduku lile liligharimia wajane, yatima na walimu, na kuwakopesha mafundi mtaji. Lilikuwa na kufuli nne, na funguo zake ziligawanywa kati ya makabaila, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima. Hesabu zilisomwa mbele ya usharika mara tatu kwa mwaka. Mkulima naye alikuwa na ufunguo.

Ndugu watumishi, ufunguo huo kijijini kwetu ni habari. Mchungaji au mwinjilisti aijue siku ya mkutano na aitangaze. Amsindikize asiyeweza kufika, na kumfundisha asiyejua kwamba anaweza kukata rufaa. Asitumie cheo chake kuwaingiza washarika wake na kuwaacha Waislamu au wasio na dini. Zaidi ya hayo, hatuwezi kudai hesabu za kijiji ziwe wazi ikiwa hesabu za usharika zimefungiwa kabatini.

Hitimisho

Leo ningemjibu mama yule hivi: Mshukuru Mungu, atoaye riziki yote. Watu wa ofisini wapewe heshima ya kazi yao. Lakini fedha hizi zimekopwa kwa jina lako, na wewe ni mmoja wa watakaozilipa. Siku zisipofika, usione haya kusimama mkutanoni na kuuliza. Nami nitakuja kuketi karibu nawe.