Kumwaga oili ya gari nyumbani bila kuchafua uwanja

Wengi humwaga oili wenyewe kuokoa hela ya fundi, halafu sakafu inabaki na doa la mwaka mzima. Dawa yake ni dumu kuukuu la lita 10. Linalazwa ubavu, upande wa juu unakatwa kwa kisu, mfuniko unabaki umekazwa. Hilo ni beseni tosha, maana gari dogo hutoa kama lita 4 tu.

Injini iwashwe dakika chache oili ipate uvuguvugu, isifike kuunguza. Gari likiinuliwa likae juu ya stendi. Jeki peke yake huteleza, na imeshaua watu. Bolti ya sampu ilegezwe kwa spana, imaliziwe kwa mkono huku ikisukumwa juu, kisha ivutwe pembeni haraka. Filta nayo ivalishwe mfuko wa mkate kabla ya kufunguliwa, matone yaishie humo.

Oili chafu inamiminwa kupitia mdomo wa dumu hadi kwenye chupa, inapelekwa gereji wanakoikusanya. Wapo wanaoimwaga shimoni nyuma ya nyumba. Kama kisima kiko jirani, maji yake yanaweza yasinyweke tena.