Paka wa Miguu Mitatu (Sehemu ya Tatu): Kwa Nini Amelikataa Beseni Lake?

Wiki iliyopita tulimwacha Simba, yule dume wa manjano aliyegongwa na bajaji, akirudi nyumbani baada ya kukatwa mguu wa nyuma wa kulia. Nyuzi zimeshatolewa na kidonda kimefunga. Anakula vizuri, anapanda kochi, hata mijusi ameanza kuisumbua tena. Kero imebaki moja: anakojoa kando ya beseni lake la mchanga, na siku hizi ameanza kukojolea mswala. Mama mwenye nyumba, aliyelipia upasuaji bila kunung'unika, sasa anasema paka amefanya jeuri.

Suala la mswala si dogo katika nyumba za Pwani. Maji aliyoyagusa paka hayatuzuii kutawadha, kwa hadithi mashuhuri inayomhesabu miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Mkojo wake lakini ni najisi, na paka anayesamehewa kuiba samaki anaweza asisamehewe hilo. Ndiyo maana nataka kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu jeuri siioni. Ninachokiona ni mnyama wa miguu mitatu aliyewekewa choo cha miguu minne.

Kabla ya kugusa beseni, mwangalie paka mwenyewe. Je, anaingia mara kwa mara, anajikamua, analia, na yanatoka matone tu au hakitoki kitu? Kwa paka dume hiyo ni dharura. Njia yake ya mkojo ni nyembamba, na msongo wa kulazwa, kufungiwa na kuumwa unaweza kuchochea uvimbe wa kibofu hata pasipo vijidudu. Njia ikiziba kabisa, siku moja au mbili zinatosha kumuua. Apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, asingojewe hadi kesho.

Au pengine mkojo unamtoka akiwa amelala, na mkia unaning'inia kama kamba? Basi fikiria ajali yenyewe. Mishipa ya fahamu ya mkia na ya kibofu hutokea sehemu moja, mwisho wa uti wa mgongo, na gurudumu likivuta mkia huweza kuikata yote kwa pamoja. Paka wa namna hiyo hajakataa beseni. Hana habari kwamba anakojoa. Matibabu yake ni mengine kabisa.

Kisha yako maumivu, ambayo paka ni hodari wa kuyaficha. Mshipa uliokatwa unaweza kuendelea kupeleka habari za mguu usiokuwepo. Utamwona ngozi inamcheza mgongoni, au anageuka ghafla kupauma mahali palipokuwa na paja. Daktari ana dawa za hali hiyo, gabapentini ikiwa mojawapo. Wewe usimpe chochote kutoka kwenye droo yako. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ni sumu kwake.

Tuseme hayo yote yamepimwa na hayapo, kama ilivyo kwa Simba. Sasa ndipo tuulize mguu gani umekatwa, maana jibu la beseni limo humo.

Paka aliyepoteza mguu wa mbele anachuchumaa bila shida. Taabu yake ni kuingia na kufukua. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa paka, kwa hiyo akiruka ukingo mrefu anatua kwa mguu mmoja uliokwisha elemewa. Akianza kufukua, ule mmoja ukiinuka hana cha kusimamia, na anaangukia pua. Wengine bega lao huendelea kwenda mbele na nyuma kana kwamba wayo ungalipo. Huyu usimkasirikie akiacha uchafu wake wazi. Ufukie wewe.

Wa mguu wa nyuma, kama Simba, ana shida iliyo kinyume. Kuchuchumaa ni kazi ya miguu miwili ya nyuma iliyotanuliwa sawasawa. Ukibaki mmoja, mchanga mzito na tifutifu unaudidimiza na paka anapepesuka. Baada ya kuanguka mara chache anaacha kuchuchumaa chini. Anasimama nusu, na mkojo unaruka ukingo. Au anatafuta pengine penye kukanyagika. Tazama nyumba ya Simba: sakafu yote ni marumaru, inateleza. Kitu pekee kinachoshika kucha zake, kilicho bapa na kisichotitia, ni mswala. Mimi ningekuwa yeye ningeuchagua huo huo.

Kwa hiyo mpe hicho anachokitafuta, ila ndani ya beseni. Chukua beseni pana la plastiki, lenye urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake kutoka puani hadi shina la mkia. Kata upande mmoja kwa kisu cha moto mpaka ubaki kimo cha vidole vitatu, kisha lainisha makali. Kuta nyingine ziache ndefu, na mlango uuweke mahali ambapo akigeuka upande wake usio na mguu utapata ukuta wa kuegemea. Chini tandika kipande cha zulia la mpira, na juu yake mchanga laini usiozidi vidole viwili. Wakati kidonda kilipokuwa kibichi tulitumia magazeti yaliyochanwa ili mchanga usiingie kwenye nyuzi (gazeti hili linafaa pia, ukishalisoma). Kurudi kwenye mchanga kuwe kwa kuchanganya kidogo kidogo.

Beseni lisogezwe karibu na anapolala, lisukumwe ukutani lisipinduke, na mkeka utandikwe njiani. Nafasi ikiruhusu, weka la pili. Paka anayeogopa kuchuchumaa huzuia pia haja kubwa mpaka ikauka, hivyo chakula chake kiwe na mchuzi, usio na chumvi wala kitunguu.

Mswala utundikwe baada ya swala. Kuutoharisha kwa maji kunatimiza sheria, lakini pua ya paka ina hukumu zake: harufu ikibaki atarudi. Sugua kwa siki iliyopunguzwa na maji, au kwa sabuni yenye vimeng'enya ukiipata. Jiki usitumie, kwa kuwa klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa inayounguza kifua. Na ile desturi ya kumsugua paka pua kwenye mkojo wake iachwe. Atakachojifunza ni kukuogopa wewe, na kukojoa mvunguni usikomwona.

Ikipita wiki mbili kwenye beseni jipya na bado anakosea, arudi kwa daktari, mkojo upimwe upya.

Wiki ijayo: unene, na kwa nini kilo moja ya ziada ni mzigo mkubwa kwa miguu mitatu.