Kwa nini mwisho wa filamu ya Animal Farm si ule wa kitabu

WASOMAJI wa Kiswahili wameifahamu hadithi ya George Orwell kwa muda mrefu kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa jijini Nairobi mwaka wa 1967. Aliyeisoma riwaya ya Orwell akiitazama filamu ya vibonzo ya Animal Farm, iliyotolewa mwaka wa 1954, ataifuata bila taabu hadi karibu na tamati. Hapo atashangaa, kwani anayoonyeshwa siyo aliyoyasoma.

Kwa sehemu kubwa, visa vinafanana. Wanyama wa shamba moja nchini Uingereza wanamfukuza Bw Jones, mlevi aliyewatesa, na kuahidiana usawa. Punde si punde nguruwe wanajitwalia madaraka na mwenzao Napoleon, akilindwa na mbwa wakali, anageuka dikteta. Farasi Boxer, aliyetumika kwa uaminifu hadi nguvu zikamwishia, anauzwa achinjwe.

Katika riwaya, wanyama wanachungulia dirishani usiku na kuwaona nguruwe wakinywa pombe na kucheza karata na wanadamu wenye mashamba jirani. Wanawatazama hawa na wale, wasiweze kuwatofautisha. Hadithi inakomea hapo, wanyonge wakiwa wangali nje gizani. Katika filamu, wanadamu hawamo kwenye karamu hiyo. Waliomo ni nguruwe watupu, na punda Benjamin anawaongoza wanyama kuivamia nyumba na kumwangusha Napoleon.

Mabadiliko hayo hayakuzuka vivi hivi. Filamu ilitengenezwa nchini Uingereza na John Halas, mzaliwa wa Hungary, pamoja na mkewe, Joy Batchelor. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya vibonzo ya Uingereza kuonyeshwa katika kumbi za sinema, na sauti za wanyama wote zilitolewa na mwigizaji mmoja, Maurice Denham. Hata hivyo, fedha zilitoka kwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, zikapitia kwa mtayarishaji Louis de Rochemont. Wahenga walinena kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Orwell hakuwepo kulalamika. Alifariki Januari 1950, na haki za filamu ziliuzwa na mjane wake, Sonia.

Ajabu ni kwamba mwaka wa 1944 wachapishaji kadhaa walikuwa wameukataa mswada wa kitabu hicho, baadhi wakihofia kuuudhi Muungano wa Kisovieti, uliokuwa mshirika wa Uingereza katika vita dhidi ya Hitler. Miaka 10 baadaye, Vita Baridi ikiwa imepamba moto, hadithi iliyoogopwa ikafadhiliwa kama silaha.

Orwell, ambaye alikuwa msoshalisti, alimlenga Stalin. Lakini kwa kuwaketisha nguruwe na wanadamu kwenye meza moja, alionya pia kwamba bwana mpya na bwana wa zamani huenda wakawa kitu kimoja. Wanadamu walipoondolewa mezani, lawama zote zikabaki kwa nguruwe, nao wenye mashamba wakatoka mikono misafi.

Kwa upande wake, Halas aliutetea mwisho huo akisema watazamaji walihitaji tumaini. Hoja hiyo ina uzito, kwani filamu inayowaonyesha wanyonge wakishindwa daima huenda ikawakatisha tamaa. Ila tumaini la filamu lina kasoro moja: wanyama wanaasi mara ya pili, na hakuna anayeuliza ni nani atakayewatawala kesho yake. Kitabu kinamwachia msomaji swali hilo alitafakari.

Kwa hivyo, mwalimu au mzazi anayewaonyesha vijana filamu hii asiwanyime kitabu. Awape vyote viwili, kisha awaulize: ni nani aliyeondolewa kwenye ile meza, na kuondolewa kwake kulimfaidi nani?